"Jisaidie nami nitakusaidia" haipo kwenye Biblia

Hii tunaisikia kila siku, mtu akija kuomba hata hela ya dawa anaambiwa Mungu mwenyewe kasema jisaidie nami nitakusaidia. Jamani, pekua Mwanzo mpaka Ufunuo, haipo. Wazo lenyewe lipo kwenye hadithi za kale za Wagiriki, na Benjamin Franklin wa Marekani akalichapa mwaka 1736. Wengine wanachanganya na 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kazi asile, ila pale Paulo anamsema asiyetaka kazi, sio asiyeweza. Sasa mcheki yule msafiri kwenye mfano wa Yesu, Luka 10, kapigwa, kaachwa nusu mfu, angejisaidiaje? Msamaria akamfunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, kesho yake akatoa dinari mbili gesti na kusema ikizidi nitalipa nikirudi, wala hakumuuliza umejishughulishaje.