Picha 600 na Baraza Tupu

Wiki iliyopita kanijia mwanafunzi mwingine wa utafiti, ana picha 600 za Mji wa Kale wa Mombasa kwenye simu, na maneno yaleyale: "Mwalimu, data ninayo. Picha haidanganyi." Huyu ni wa nne mwaka huu. Nimechoka.

Mojawapo ilikuwa ya baraza tupu, kile kikalio cha mbele ya nyumba watu wanapokaa kuzungumza. Chini yake kaandika: utamaduni wa baraza unakufa Mombasa. Nikamwambia aichapishe, tukatoka. Mzee mmoja wa mtaa uleule aliitazama, akacheka.

"Hii umepiga saa nane? Jua lapiga upande huo, mwanangu. Nani atakaa? Njoo baada ya Alasiri."

Kisha akagonga kidole pembeni mwa picha, penye kipande cha boksi kilichokunjwa. Mimi na mwanafunzi hatukuwa tumekiona. Ni cha jirani yake, na hakuna mwingine akikaliaye. Kwa boksi hilo tulikaa saa nzima: nani hukaa wapi, nani kahama, nani hasalimiani na nani.

Data ni ile saa nzima. John Collier, mpiga picha na mwanaanthropolojia, alishaonyesha mwaka 1957 kwamba mahojiano yenye picha mkononi hutoa mambo ambayo maswali matupu hayatoi. Ila hapo napo nina wasiwasi wangu. Mzee kazungumzia boksi kwa kuwa boksi lilikuwamo. Ukuta mweupe na buluu, rangi zilizoamriwa na kaunti mwaka 2018, ulijaa nusu ya picha na hakuutaja kabisa. Hauna maana kwake, au hakutaka kuusema mbele yangu? Sijui. Niliwahi pia kuwapa kina mama kamera wapige wenyewe; wakaniletea vyungu, watoto na milango. Mpaka leo sina hakika kama ndiyo maisha yao au ndiyo waliyodhani nayataka.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, idhini ya anayepigwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kasome mwenyewe. Kwenye feri ya Likoni kamera ibaki mfukoni.

Na chapisha, nakala mbili, moja umwachie mtu. Ukimpa simu, atateleza mpaka afike harusi ya dada yako.

Juzi mwanafunzi alirudi saa kumi na moja. Baraza limejaa, pamebaki penye boksi tu. Akasimama.