Kipande cha resini chenye uso laini si lazima kiwe imara

Kaja mteja mwingine na kile kipande cha plastiki kinachounganisha mota na skrubu ya mashine ya kusaga nyama. Shina limekatika. Ombi ni lilelile: "Fundi, usinifanyie kwa ile printa ya uzi, nataka ya resini, ile imara." Anasema printa za 3D, zinazojenga kitu tabaka juu ya tabaka; ile ya uzi huyeyusha uzi wa plastiki. Ameona picha mtandaoni, kitu kinang'aa, hakina mistari, basi akaamini ndicho chenye nguvu. Imani hii inawapotezea watu pesa, na nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Printa ya resini huivisha plastiki ya kimiminika kwa mwanga mpaka igande, tabaka baada ya tabaka, nyingi zikiwa na unene wa milimita 0.05. Mistari haionekani kwa sababu hiyo tu. Kwa vielelezo vya meno, vito na sanamu ndogo, hakuna ya kuishinda kwa bei yake. Lakini resini ya kawaida ni ngumu na hapohapo ni rahisi kuvunjika: haipindi kwanza ikakuonya, inakatika. Ukiiacha juani, mwanga unaendelea kuifanyia kazi mpaka inakauka na kupasuka. Zipo resini za kazi nzito, ila bei yake inapanda haraka. Na ile isiyoiva vizuri siitaki karibu na nyama ya mtu.

Sasa uzi. Hataza (haki ya mvumbuzi) aliyoiombea Scott Crump, aliyevumbua njia hii, mwaka 1989 iliisha muda wake 2009, na printa hizi zikawa rahisi kiasi cha kukaa kwenye meza ya fundi yeyote. Udhaifu wake unajulikana: tabaka hushikana kwa joto tu, kwa hiyo kipande hupasuka kati ya tabaka kama ukuni unavyopasuka kufuata nyuzi zake. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanalaumu plastiki wakati kosa ni jinsi kipande kilivyolazwa kwenye meza ya printa wakati wa kuchapwa.

Kitazame hicho cha mashine ya nyama. Kina sahani yenye meno na shina la pembe nne. Meno yanataka sahani ilale bapa, ili nguvu ipite ndani ya tabaka. Ukifanya hivyo shina linasimama wima, tabaka zinalikata kwa upana, na likisokotwa linang'oka palepale. Ukililaza shina, meno yanaharibika na unajaza sapoti, yaani nguzo za muda za kushikilia sehemu zinazoning'inia, kila mahali. Hakuna mlalo mmoja unaoridhisha vyote viwili. Mimi naichapa sahani bapa na shina lenye tundu katikati, kisha napitisha bolti ya chuma. Tena ongeza kuta za nje, nne au tano, kabla ya kukimbilia kujaza ndani asilimia 100. Kwenye kusokotwa, plastiki iliyo pembeni ndiyo inayobeba mzigo mkubwa.

PLA, plastiki ya uzi inayotumika sana, msiniletee kwa kazi hii wala kwa kitu cha dashibodi. Inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. PETG, aina nyingine ya uzi, inafika karibu 80, na inatosha kwa mengi.

Nailoni ya unga inayounganishwa kwa leza ndiyo imara kweli. Unga wenyewe unashikilia kipande, kwa hiyo sapoti hazihitajiki, na tofauti ya nguvu kati ya mielekeo ni ndogo zaidi. Ila kwa kipande kimoja ni hasara: sanduku la unga ndani ya mashine lazima lipashwe joto lote na lipoe kwa saa nyingi, na unga uliobaki hauwezi kurudiwa bila kuchanganywa na mpya. Ukiwa na vipande vingi vya kujaza sanduku, bei ya kila kimoja inashuka. Vikifika maelfu, tafuta mtu wa moldi, anayemimina plastiki kwenye kalibu.

Namba za nguvu zilizoandikwa kwenye karatasi ya plastiki siziamini sana. Zimepimwa kwenye vijiti vya majaribio, si kwenye gia yako. Roli lilelile la uzi, printa ileile, feni ya dari ikipuliza au uzi ukinyonya unyevu wa Dar, mshikamano wa tabaka unabadilika. Kwa hiyo navunja cha kwanza kwa mkono kabla ya kukuuzia cha pili.

Tena kwenye mashine nyingi za nyumbani kipande hicho kimewekwa ili kivunjike mfupa unapokwama, mota ipone. Ukija, niletee vipande vyote vilivyovunjika, na uniambie kilikatika ukiwa unasaga nini.