Hakuna mtu mwenye "jeni ya saratani"

Utafiti wa vinasaba ukifika kwenye habari, hufika na kichwa kilekile: wanasayansi wamegundua jeni ya saratani, jeni ya unene, jeni ya ulevi. Kisha mtu anapimwa, anarudi nyumbani na kusema, "Nimeambiwa nina jeni ya saratani." Kauli hiyo si sahihi, na kosa lake si dogo, kwa sababu watu huamua mambo mazito kwa kuitegemea: kufanyiwa upasuaji, kuahirisha ndoa, kuacha kuzaa.

Jeni ni kipande cha vinasaba (DNA) chenye maelekezo ambayo seli huyafuata, mara nyingi ili itengeneze protini. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000, nyingi zikiwa katika nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba.

Kinachosahaulika ni kwamba jeni hizo tunazo sote. BRCA1, iliyotambuliwa mwaka 1994 na kubandikwa jina la "jeni ya saratani ya matiti", imo mwilini mwa kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, na kazi yake ni kusaidia kukarabati vinasaba vilivyokatika. Kwa maneno mengine, inatukinga na saratani! Hatari huja mtu anaporithi toleo bovu la jeni hiyo. Hata hapo, zaidi ya nusu ya wanawake wenye toleo hilo hupata saratani ya matiti maishani, na wengine hawaipati kamwe. Zipo kasoro chache, kama ile ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, ambazo zikifikia kiwango fulani karibu hazikosei kuleta ugonjwa. Hizo ni za kipekee.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Kuna jeni ya HBB, iliyo katika kromosomu ya 11, inayotengeneza sehemu ya himoglobini, nasi sote tunaihitaji ili damu isafirishe oksijeni. Herufi moja tu ya maelekezo ya jeni hiyo ikibadilika, A ikawa T, himoglobini huelekea kugandamana na chembe nyekundu za damu hupinda. Ukirithi toleo hilo kwa wazazi wote wawili, unaugua. Ukilirithi kwa mmoja, kwa kawaida huugui, na tena unapata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali, jambo alilolieleza mwanasayansi Anthony Allison mwaka 1954. Herufi hiyo basi ni mbaya au nzuri? Huwezi kujibu kabla ya kuuliza mtu ana nakala ngapi, na anaishi wapi.

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia CRISPR, mbinu ya kuhariri vinasaba, ya kwanza ya aina hiyo duniani, na ikasemwa kila mahali kwamba jeni ya selimundu sasa inarekebishwa. Tiba hiyo haiigusi HBB kabisa. Seli shina za damu za mgonjwa, yaani zile zinazozaa chembe za damu, hutolewa, kisha huhaririwa sehemu ya jeni nyingine, BCL11A, ambayo huzima himoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. BCL11A ikidhoofishwa, himoglobini hiyo huanza kutengenezwa upya. HBB yenye kasoro hubaki palepale, na mgonjwa aliyepata nafuu bado huirithisha kwa watoto wake. Familia inayopanga uzazi inastahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Mahakamani mkanganyiko ni wa aina nyingine. Kipimo cha kumtambua mhalifu au mzazi husoma hasa sehemu za vinasaba zisizotengeneza protini, zinazojirudia kwa idadi tofauti kwa kila mtu. Hakikuambii kama mtu ni mkali au mpole. Kuhusu sifa kama urefu, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya sehemu 12,000 za vinasaba zinazohusika, kila moja ikichangia kidogo sana. Anayetafuta "jeni ya urefu" hataipata, na anayeahidi jeni ya akili anauza kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo aliyetoka kupimwa aseme hivi: "Jeni yangu ya BRCA1 ina mabadiliko yanayoongeza hatari ya saratani." Ni maneno marefu kidogo, lakini yanamwachia swali la kumuuliza daktari: hatari imeongezeka kwa kiasi gani, na tufanye nini kuipunguza?