Skrini ya LED ni LCD pia

Pita Luthuli Avenue, Nairobi, ukitafuta laptopu, au soma tangazo lolote la mashine za "ex-UK", yaani mitumba kutoka Uingereza, na hutakosa sentensi hii: "Skrini yake ni LED, si LCD." Fundi naye atakuuliza unataka ya LED au ya LCD, kisha atakutajia bei mbili. Swali hilo halina jibu.

Maana kwa ufupi. LCD ni njia ya kutengeneza picha: tabaka jembamba la fuwele za kioevu hubanwa kati ya vioo viwili, na umeme huliamuru lipitishe mwanga au liuzuie, pikseli (nukta ya picha) moja baada ya nyingine. LED ni diodi inayotoa mwanga. Kwa kuwa fuwele hizo haziwaki zenyewe, lazima ziwekewe taa nyuma, na katika laptopu za miaka hii taa hiyo ni LED. Basi. Kusema skrini ni LED si LCD ni kusema chumba hiki ni cha balbu, si cha pazia.

Kosa lenyewe limo katika hilo neno "si", na lina historia yake. Fuwele za kioevu zilijulikana kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Prague, aliona kemikali moja jamii ya kolesteroli ikiyeyuka kwenye nyuzi 145 hivi na kuwa maji mazito yenye ukungu, kisha ikapashwa zaidi hadi karibu nyuzi 178 ndipo ikawa angavu. Fuwele za aina hiyo zilikaa miaka mingi bila kazi ya maana, mpaka mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ilipoonyesha hadharani kwamba zinaweza kutumika kwenye skrini.

Laptopu zilipoanza kuwa na skrini za rangi, taa ya nyuma ilikuwa kijityubu chembamba chenye zebaki, ndugu mdogo wa zile tyubu za dari za ofisi. Kilihitaji inveta ya kukipandishia volti. Mafundi wa zamani wanazikumbuka vizuri: inveta ikifa, skrini inakuwa giza, tyubu ikizeeka, picha inaanza kuwa na wekundu asubuhi unapoiwasha.

LED hazikuweza kuchukua nafasi hiyo mapema kwa sababu nyeupe haikuwepo. Nyekundu ilikuwepo tangu 1962, lakini ili upate nyeupe ya kufaa ulihitaji kwanza bluu yenye nguvu, kisha uipake kemikali ya manjano. Bluu hiyo iliwatoa jasho Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura hadi miaka ya tisini mwanzoni, na mwaka 2014 ikawapa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Baada ya hapo tyubu hazikuwa na maisha marefu. MacBook Pro ya inchi 15 ilibadilishiwa taa mwaka 2007, na miaka michache baadaye karibu kila laptopu mpya ilikuwa imefuata. Mwaka 2009 Samsung nayo ikaanza kuuza televisheni zake za LCD kwa jina la "LED TV". Walichobadilisha ni taa, lakini kwenye boksi ikaonekana kama televisheni ya jamii nyingine kabisa. Jina likafika mjini hivyo, na mjini likabaki.

Anayebisha achukue laptopu ambayo taa yake ya nyuma imekufa ingawa mashine inawaka. Amulike skrini na tochi ya simu, kwa upande kidogo. Ataona dirisha, ikoni, hata saa, vikiwa hafifu. Picha ipo, kilichokufa ni taa. Mafundi wengi hufanya jaribio hili kila wiki, halafu wanageuka na kukuambia skrini si LCD.

Ningenyamaza kama neno lingekuwa halidhuru mtu. Lakini "LED" siku hizi ni jibu lisilokuambia kitu, kwa sababu karibu kila LCD ya laptopu ina taa ya LED. Tofauti inayogusa macho na mfuko iko kwenye fuwele, yaani huko huko kwenye LCD inayodharauliwa. Katika paneli ya TN, molekuli hujisokota kutoka kioo kimoja hadi kingine. Ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka kama negativu ya picha. Katika IPS, iliyotoka Hitachi mwaka 1996, molekuli huzunguka zikiwa zimelala sambamba na kioo, na rangi hubaki zilivyo hata jirani akichungulia kutoka pembeni. (Jirani kuchungulia ni shida nyingine.) Watengenezaji nao hupenda kuficha: HP huandika SVA pale inapomaanisha TN, na UWVA kwa zile za kutazamika pande zote.

Sasa mtu analeta mashine yenye IPS ya 1920 kwa 1080, imepasuka. Anawekewa TN ya 1366 kwa 768. Akilalamika kwamba maandishi yamekuwa makubwa na rangi zimefifia, anajibiwa, "Bosi, hiyo ni LED original." Na kweli ni LED. Hajadanganywa hata neno moja.

OLED ni habari nyingine kabisa, ingawa majina yanatofautiana kwa herufi moja. Huko kila pikseli huwaka yenyewe, hakuna taa nyuma wala fuwele za kuzuia mwanga, na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. Ingia chumba chenye giza uweke picha nyeusi tupu: LCD itabaki na kijivu cha mbali, OLED utadhani imezimwa. Na kama unataka skrini inayostahili kuitwa LED bila nyongeza, tazama mabango makubwa ya matangazo barabarani pale Westlands. Yasogelee, utaona kila nukta imeundwa kwa diodi zake zenyewe.

Kwa hiyo fundi akisema "hii ni LED", usimgombeze, yuko sahihi. Mwitikie, kisha muulize kama ni TN au IPS, pikseli ngapi, na kiunganishi ni cha pini 30 au 40. Akikosa jibu, mwombe aigeuze paneli. Namba ya modeli imebandikwa mgongoni, na ukiitafuta kwenye simu itakuambia yote hayo.