Chanjo ya nimokoko: tukiilazimisha, tuilazimishe lini?

Mjadala wa kuifanya chanjo ya nimokoko kuwa ya lazima kwa watoto huanzia kwenye haki na mara nyingi huishia hapo hapo: haki ya mzazi kuamua, haki ya mtoto kukingwa, mipaka ya serikali. Ni mambo mazito na nitayagusa. Lakini kwetu sisi tunaofanya kazi ya kinga, lipo swali linalotangulia hayo yote: siku sheria hiyo inamfikia mtoto, atakuwa na umri gani?

Nimokoko, kwa jina la kitaalamu Streptococcus pneumoniae, ni bakteria anayekaa nyuma ya pua na kooni, hasa kwa watoto wadogo, na mara nyingi hukaa humo bila kumsumbua mtu. Husambaa kwa kukohoa, kupiga chafya na kukaribiana. Akishuka mapafuni huleta nimonia. Akiingia kwenye damu huisambaza sumu ya maambukizi mwili mzima, na akifika kwenye utando wa ubongo huleta homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao hata mtoto akipona unaweza kumwacha kiziwi au na kifafa. Sikio linalouma na kutoa usaha, ambalo wazazi wengi wamelizoea, nalo mara nyingi ni kazi yake. Kwa makadirio ya mwaka 2015, aliua watoto wapatao 300,000 walio chini ya miaka 5 duniani kote.

Hatari kubwa iko kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na sababu yake inahitaji kuelezwa. Bakteria huyu amejifunika ganda la sukari. Mwili wa mtu mzima hulitambua ganda hilo na kulitengenezea kinga. Wa mtoto mchanga haujafikia uwezo huo. Ndiyo maana chanjo ya zamani, iliyotengenezwa kwa sukari hizo peke yake, haikuwafaa wachanga. Wataalamu wakaiunganisha sukari na protini ambayo mwili wa mtoto huitambua mapema. Chanjo ya kwanza ya namna hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, ikilenga aina 7 za nimokoko. Zilizofuata zimelenga 10, 13, na sasa hata 20. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dozi 3, na ya kwanza inaweza kutolewa mtoto akiwa na wiki 6.

Sasa tazama sheria ya chanjo kama wengi wanavyoifikiria: mzazi aonyeshe kadi ya kliniki anapomwandikisha mtoto darasa la kwanza. Kwa surua ina maana, kwa kuwa darasa lenye watoto wengi wasiochanjwa ni mahali pa mlipuko. Kwa nimokoko, mtoto mwenye afya njema aliyefika miaka 6 ameshakivuka kipindi kibaya, na mapendekezo ya kawaida hayamtaki tena apate chanjo hii akishatimiza miaka 5. Kumrudisha nyumbani kwa sababu ya dozi alizokosa akiwa mchanga ni kumwadhibu bila kumkinga. Jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipoweka sharti lake mwaka 2008 liliwalenga watoto wa vituo vya malezi na shule za awali, kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miaka 5. Hapo angalau hesabu ya umri imezingatiwa. Hata hivyo, mtoto anayelelewa nyumbani na bibi au dada yake haguswi na sharti la namna hiyo.

Ulaya imegawanyika. Ufaransa iliiweka miongoni mwa chanjo 11 za lazima kwa watoto waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2018. Italia, iliyolazimisha chanjo 10 mwaka 2017, iliiacha nje ya orodha: hutolewa bure, hupendekezwa, basi. Uingereza huitoa tangu 2006 bila kumlazimisha mtu. Jamhuri ya Cheki iliilazimisha kwa watoto wenye matatizo maalumu ya kiafya tu, na sheria ya nchi hiyo ya chanjo za watoto ndiyo iliyofikishwa mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Aprili 2021 mahakama iliamua kwamba kumtoza mzazi faini, au kumnyima mtoto nafasi ya chekechea, hakukuvunja haki zao. Anayesema kulazimisha ni uvunjaji wa haki moja kwa moja ana kibarua cha kujibu uamuzi huo. Ila uamuzi huo ulisema nchi inaweza kulazimisha. Haukusema kila nchi ilazimishe.

Na je, asiyechanjwa anamhatarisha mwingine? Ndiyo. Kilifi, nchini Kenya, baada ya chanjo kuanza kutolewa mwaka 2011, maradhi makali yanayoletwa na aina zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto walio chini ya miaka 5. Yalipungua pia kwa wachanga ambao umri wa kuchanjwa haujafika, na kwa watu wazima. Marekani nako wazee walinufaika na sindano walizochomwa wajukuu. Upande wa pili, aina za nimokoko zinazojulikana zinazidi 100, na ukizifukuza baadhi, nyingine hushika nafasi. Aina ya 19A ilisambaa hivyo baada ya chanjo ya kwanza. Kwa hiyo kinga ya jamii, yaani wasiochanjwa kukingwa na waliochanjwa, hapa haijakamilika kama ya surua, na hoja ya kulazimisha inapungua uzito kidogo. Haiishi.

Kuhusu usalama sitarefusha: homa, maumivu na uvimbe pale sindano ilipoingia, mtoto kulialia au kusinzia kwa siku moja mbili. Mzio mkali hutokea kwa nadra sana, na ndiyo sababu mtoto husubirishwa kidogo kituoni.

Maoni yangu ni kwamba sheria ikitungwa, iibane serikali kabla ya kumbana mzazi. Ufaransa, mtu akidhurika kwa chanjo ya lazima, mfuko wa umma humlipa fidia. Pia dozi lazima iwepo. Kwa nchi zinazosaidiwa na Gavi, ubia wa kimataifa unaozisaidia nchi maskini kupata chanjo, chanjo iliyotengenezwa India iliishusha bei hadi dola 2 kwa dozi mwaka 2020, lakini nchi za kipato cha kati zisizopata msaada huo hulipa zaidi, na baadhi zilichelewa kuianza kwa sababu hiyo. Mahali ambapo mama anafika kliniki na kuambiwa chanjo imeisha, faini ya nini?

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amekosa dozi, ratiba haianzi upya: huendelezwa pale ilipokatikia. Mtoto wa mwaka mmoja ambaye hajapata hata moja kwa kawaida hupewa mbili, zikipishana wiki 8 au zaidi; aliyetimiza miaka 2 na hajafika 5, mara nyingi moja humtosha. Mwenye selimundu, VVU au ugonjwa wa kudumu wa moyo huenda akahitaji zaidi, kwa hiyo mweleze mhudumu hali yake kabla hajachomwa.