Robert Smalls baada ya meli: uvumi, sifa na ukweli

Anayesimulia habari za Robert Smalls huanzia bandari ya Charleston, jimbo la Carolina Kusini, alfajiri ya 13 Mei 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kati ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na ya Kaskazini, na mara nyingi huishia papo hapo. Mtumwa wa miaka 23 aliitorosha stima ya jeshi la Kusini, Planter, akaikabidhi kwa wanamaji wa Kaskazini, akawa huru. Ni kweli tupu. Lakini baada ya alfajiri ile aliishi miaka 52 zaidi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza katika siasa za Carolina Kusini. Huko ndiko yalikorundikana mengi yasiyo sahihi, ya kumchafua na ya kumsifu kupita kiasi. Hapa nanukuu yanayosemwa, moja baada ya jingine, na kuyajibu.

“Ilikuwa bahati, wakubwa wake walilala.”

Walilala kweli, tena mjini, kinyume cha amri. Bahati yake iliishia hapo. Kupita kwenye ngome za Kusini zilizoilinda bandari kulihitaji mtu anayejua kila ngome inataka mlio gani wa honi, na Smalls alikuwa akiijua bandari ile tangu ujanani. Alivaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyozoea kusimama, akapitia gati jingine kumchukua mkewe Hannah, watoto, na jamaa za wenzake. Alipofika mbele ya ngome ya Fort Sumter alitoa ishara inayotakiwa, na walinzi wakamwacha apite. Alipovuka masafa ya mizinga alishusha bendera, akapandisha shuka jeupe.

Kazi yake melini ilikuwa ya rubani, kwa maana ile ya kale tunayoijua watu wa pwani: anayejua mkondo, fungu na mwamba, na kuiingiza meli salama. Ila watu wa Kusini hawakukubali mweusi aitwe rubani. Walimwita mshika usukani, kazi ikiwa ileile.

Sababu ya kuthubutu nayo husahaulika. Hannah alikuwa mali ya bwana mwingine. Smalls alikuwa amekubaliana kumnunua yeye na binti yao kwa dola 800, na kwa ujira alioachiwa baada ya bwana wake kuchukua fungu lake, alikuwa bado mbali sana na kiasi hicho.

“Ndiye aliyemfanya Rais Lincoln awape weusi bunduki.”

Hii ni sifa, na kwa kuwa tunampenda tunaiacha ipite. Agosti 1862 alikwenda Washington pamoja na mchungaji Mansfield French kuwaombea weusi nafasi ya kupigana. Mwezi huohuo waziri wa vita, Edwin Stanton, aliruhusu kuandikishwa askari weusi 5,000 huko Port Royal, Carolina Kusini. Lakini hoja hiyo ilikuwa imeshapamba moto serikalini, majenerali wengine walikwisha kuijaribu, na vita vilikuwa vinakwenda vibaya. Smalls alikuwa sauti moja yenye uzito mkubwa, maana alikuwa ushahidi unaotembea. Ukimpa peke yake ushindi huo, unawanyang'anya wengine wengi jasho lao.

“Alikuwa nahodha wa kwanza mweusi wa Jeshi la Majini.”

Utaliona hili kila mahali. Ni kweli alikuwa rubani wa manowari ya Keokuk iliposhambulia Fort Sumter Aprili 1863. Ilipigwa mizinga zaidi ya mara 90 ikazama kesho yake. Ni kweli pia kwamba Desemba mwaka huo, nahodha wa Planter alipoingiwa na hofu chini ya risasi, Smalls aliiongoza meli hadi salama, akapewa unahodha. Lakini wakati huo Planter ilikuwa chini ya jeshi la nchi kavu, naye alihudumu kama raia aliyeajiriwa, bila cheo rasmi cha kijeshi. Tofauti hiyo ilimgharimu. Alipodai pensheni alikuta jina lake halimo katika orodha ya wanajeshi, na ilibidi Kongresi itunge sheria maalumu mwaka 1897 ili alipwe dola 30 kwa mwezi. Kwa meli yenyewe alikuwa amepata dola 1,500, baada ya kuthaminiwa kwa bei ya chini mno. Nyongeza ya dola 5,000 ilikuja mwaka 1900.

“Aliteka nyumba ya bwana wake.”

Hapana. Aliinunua kwenye mnada wa serikali wa nyumba zilizodaiwa kodi mjini Beaufort, katika mtaa wa Prince, ua uleule alikozaliwa yeye, mama yake akiwa mtumwa hapo. Aliyeimiliki kabla ya vita alimshtaki, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda.

“Mtumwa asiyejua kusoma angetunga sheria gani?”

Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, Planter ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia mwaka 1864. Miaka minne baadaye aliketi katika mkutano wa kuandika katiba ya Carolina Kusini, akapigania shule za umma zisizo na ada kwa watoto wote. Hebu fikiri: jimbo lililokuwa likiwaadhibu watu kwa kumfundisha mtumwa kuandika, linapata shule za umma kwa juhudi za watu kama yeye. Kisha akawa mbunge wa jimbo, seneta wa jimbo, na kuanzia 1875 mbunge katika Kongresi kwa chama cha Republican. Na hapa msomaji wa leo asichanganyikiwe: wakati ule Republican ndicho kilichokuwa chama cha weusi wa Kusini, na Democratic ndicho cha waliotaka utawala wa wazungu urudi.

“Mahakama ilithibitisha alikula rushwa.”

Kuna hukumu, na haifai kufichwa. Mwaka 1877 alikutwa na hatia ya kupokea dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji, akahukumiwa miaka mitatu. Lakini uangalie mwaka. Serikali ya Republican ilikuwa imetoka kuanguka jimboni, Wademokrati wameingia madarakani, na viongozi wa weusi waliandamwa kwa mashtaka mmoja baada ya mwingine. Shahidi mkuu, karani wa zamani wa seneti, mwenyewe alikuwa amezama katika kashfa hiyohiyo na aliokoa ngozi yake kwa kutoa ushahidi. Mwaka 1879 gavana wa Democratic alimsamehe Smalls, na serikali ya shirikisho nayo ikaachana na kesi za Wademokrati walioshtakiwa kwa kuvuruga uchaguzi. Mimi siwezi kuiita haki hukumu inayobadilishwa sokoni namna hiyo. Kampeni zake za miaka hiyo ziliandamwa na wapanda farasi wenye silaha wa Mashati Mekundu, kundi la wazungu waliowaunga mkono Wademokrati, na bado Beaufort ilimrudisha bungeni.

“Weusi waliacha siasa wenyewe.”

Huu ndio uongo mzito kuliko yote. Mwaka 1895 jimbo liliitisha mkutano mwingine wa katiba, na lengo lilitangazwa bila haya: kuwaondoa weusi kwenye daftari la kura, kwa mtihani wa kusoma na kueleza katiba, au mali ya dola 300. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita, na Smalls mmoja wao. Alisimama akasema watu wake hawahitaji utetezi wa pekee, historia yao yatosha. Wanachohitaji ni nafasi sawa na wengine. Wajumbe walipojadili kupiga marufuku ndoa za weusi na weupe, akapendekeza kwamba mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mweusi asishike wadhifa wa umma. Ukumbi uliingiwa na fadhaa, kwa sababu kila mtu alijua watoto wale wa rangi ya chai walitoka wapi.

Katiba ikapita. Smalls alikataa kuitia sahihi. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa asiyesaini hatalipwa nauli, alijibu kuwa afadhali arudi Beaufort kwa miguu. Mwakilishi mweusi wa mwisho wa jimbo hilo wa zama zile, George Washington Murray, aliondoka Kongresi mwaka 1897. Mweusi aliyefuata kutoka Carolina Kusini, Jim Clyburn, aliapishwa Januari 1993.