Barua yenye "ikiwa": mwalimu wa muda na bima ya ukosefu wa ajira California

Kila mwisho wa Mei simu yangu huanza kulia, na mara nyingi anayepiga ni mwalimu wa muda wa chuo cha jamii (community college) hapa California, mtu mwenye shahada ya uzamili au ya uzamivu, ambaye amemaliza kusahihisha mitihani na hatarajii mshahara mwingine hadi Septemba. Anauliza kama anaweza kudai bima ya ukosefu wa ajira, au ataonekana mwongo kwa kuwa chuo kimekwisha kumpangia madarasa ya muhula ujao. Katika miaka niliyosaidia walimu wa aina hii kuandaa madai na rufaa, nimeona kwamba wengi hawanyimwi na sheria, bali wanajinyima wenyewe kwa kutoelewa maana ya hakikisho la kuridhisha (reasonable assurance), yaani ahadi ya chuo kwamba mwalimu atarudi kazini.

Bunge la Marekani lilipoupanua mfumo huu mwaka 1970 ili uwafikie wafanyakazi wa vyuo, liliweka kizuizi: mwalimu asilipwe kati ya mihula kwa kutumia mishahara aliyoipata chuoni, iwapo ana mkataba au, kama ilivyoongezwa baadaye, hakikisho la kuridhisha kwamba atarudi kazini muhula unaofuata. Mantiki yake inaeleweka, kwa sababu profesa wa kudumu aliye likizoni hajapoteza kazi. California iliingiza kizuizi hicho katika kifungu cha 1253.3 cha sheria yake ya bima ya ukosefu wa ajira, na kwa muda mrefu barua yoyote ya kumpangia mwalimu madarasa ilichukuliwa kuwa hakikisho tosha. Walimu wa muda wa San Francisco walilipinga jambo hilo hadi Mahakama ya Rufaa ya jimbo, na mwaka 1989, katika kesi inayojulikana kwa jina la Cervisi, mahakama ikaamua kwamba kazi inayotegemea idadi ya wanafunzi, upatikanaji wa fedha au mabadiliko ya programu si hakikisho la kuridhisha.

Barua niliyopewa mimi mwenyewe nilipokuwa nikifundisha Kiswahili madarasa ya jioni ninaihifadhi hadi leo, na jina la chuo nitalificha. Inataja madarasa mawili, siku, saa na hata namba ya chumba, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, inasema kwamba kazi hii itakuwepo ikiwa wanafunzi watatosha na ikiwa bajeti itaruhusu, na kwamba chuo kinaweza kuifuta wakati wowote. Darasa la kwanza lilifutwa siku tatu kabla ya muhula kuanza kwa sababu walikuwa wamejiandikisha wanafunzi 11 tu. La pili akapewa mwalimu wa kudumu ambaye darasa lake mwenyewe lilikuwa limekosa watu. Namba ya chumba haikunifaa kitu.

Kwa hiyo, Idara ya Maendeleo ya Ajira, ambayo sote tunaiita EDD, inapouliza kama una hakikisho la kuridhisha la kurudi chuoni, mwenye barua kama ile hajibu "ndiyo" kwa kuwa tu ameona jina lake kwenye ratiba. Jibu la kweli ni kwamba hana, kwa sababu kazi aliyopangiwa inategemea idadi ya wanafunzi, fedha na mabadiliko ya programu, na maneno hayo ayaseme tena akipigiwa simu na mhoji wa idara. Ambaye mkataba wake hauna sharti lolote ajibu kwamba anarudi, kwani kudai kinyume chake ni udanganyifu na mimi simsaidii mtu kwa hilo. Wizara ya Kazi ya shirikisho nayo ilitoa mwongozo mwezi Desemba 2016 unaozitaka idara za majimbo yote zitazame pia kama ahadi imetolewa na mtu mwenye mamlaka, na kama malipo ya muhula ujao yatafikia walau asilimia 90 ya yale ya muhula uliopita.

Wenzetu waliotoka Tanzania hudhani kwamba bima hii inatokana na makato yao, kama michango ya NSSF. Sivyo: hapa mfanyakazi hakatwi hata senti moja kwa ajili yake, mwajiri ndiye anayeigharamia, na kile unachokiona kimekatwa kwenye hati ya mshahara ni bima ya ulemavu. Malipo ya wiki ni kati ya dola 40 na dola 450, na kwa walimu wengi hukadiriwa kwa kugawa kwa 26 mshahara wa robo mwaka iliyo bora zaidi, kwa hiyo aliyepata dola 7,800 katika robo hiyo atapata takriban dola 300 kwa wiki. Akifundisha darasa dogo la kiangazi la dola 200 kwa wiki, robo ya fedha hizo haihesabiwi, dola 150 zinapunguzwa, naye analipwa dola 150 zilizobaki. Mapato unayoitajia EDD ni yale ya kabla ya makato, tena kwa wiki uliyofanya kazi, hata kama hundi itakuja mwezi unaofuata. Hapa ndipo walimu wengi makini huteleza.

Madai yafunguliwe mara tu baada ya mtihani wa mwisho, kwa sababu huanza Jumapili ya wiki uliyoomba na wiki ya kwanza inayostahili hailipwi. Anayefundisha katika vyuo viwili au vitatu awataje waajiri wote. Ukikataliwa, una siku 30 tangu tarehe ya kutumwa kwa uamuzi kukata rufaa, bila ada, mbele ya jaji wa mambo ya utawala. Peleka nakala ya ile barua huku umepigia mstari sehemu ya masharti, pamoja na ushahidi wa madarasa yaliyowahi kufutwa, na wakati unasubiri endelea kujaza kila wiki mbili fomu ya uthibitisho, ile unayoieleza EDD kama ulifanya kazi na ulipata kiasi gani, kwani hata ukishinda rufaa, wiki ambazo hukuzithibitisha zinaweza kukupotea.